Stroberi na Magoti Yanayouma: Wataalamu Hupimaje?

Siku hizi mkulima anayepeleka stroberi au forosadi sokoni husikia swali ambalo baba yake hakuulizwa. Mnunuzi haulizi tu kama matunda ni matamu. Huuliza, "Je, hizi ndizo zinazotuliza magoti?" Na wako wachuuzi ambao wamekwisha kuona faida katika swali hilo. Kando ya barabara moja tuliona chupa ya maji mekundu ya matunda iliyobandikwa karatasi yenye majina ya maradhi saba, kuanzia jongo mpaka kansa. Bei yake ilikuwa mara nne ya bei ya chupa iliyokuwa kando yake, nayo ilikuwa na maji mekundu yale yale, ila haikubandikwa kitu.

Jambo hili si la kuchekwa tu. Mkulima wa skimu ana eka zake chache, na kila kipande kina kazi yake: hapa mahindi, hapa viazi, hapa majani ya ng'ombe. Aking'oa robo eka ya viazi apande stroberi kwa kuwa ameambiwa kwamba zitanunuliwa kama dawa, anaweka chakula cha nyumba yake juu ya neno la mtu mwingine. Tena, katika nyumba nyingi yuko mzee ambaye magoti yake yamevimba, na vidonge vya hospitali vinamuumiza tumbo. Mzee huyo akiambiwa kwamba kikombe cha maji ya matunda kinatosha, ataviacha vidonge. Kwa hiyo yafaa tujue neno hili lilitoka wapi, na lilipimwa kwa kipimo gani.

Neno lenyewe si uongo mtupu. Lilitoka kwa wataalamu wa kweli waliofanya kazi ya kweli. Lakini njiani, kutoka nyumba ya majaribio mpaka sokoni, limetiwa maji kama maziwa ya mtu asiye mwaminifu.

UVIMBE NI KAZI YA MWILI

Mwiba ukikuchoma kidole, baada ya saa chache mahali pale patakuwa pekundu, patavimba, patakuwa na joto, na patauma. Mrumi mmoja aitwaye Celsus aliziandika dalili hizo nne karibu miaka 2000 iliyopita, na mpaka leo madaktari hufundishwa hizo hizo. Uvimbe wa namna hii si ugonjwa. Ni mwili unaoita askari wake. Damu huja kwa wingi, chembe nyeupe hufika kupigana na uchafu, na kazi ikiisha kila kitu hurudi kama kilivyokuwa.

Taabu huanza pale askari wanapokataa kurudi kambini. Katika baridi yabisi mwili hupigana na viungo vyake wenyewe. Katika jongo kuna chumvi kali, iitwayo asidi ya yuriki, ambayo hukaa katika kiungo kama vipande vya kioo, mara nyingi katika kidole gumba cha mguu, na mgonjwa hawezi hata kuvumilia blanketi liguse mguu wake. Katika magoti ya wazee ile gegedu laini iliyo kati ya mifupa imechakaa, na uvimbe huongeza maumivu juu ya uchakavu.

Aspirini imetumika kwa maumivu hayo tangu mwaka wa 1899, lakini kwa miaka zaidi ya 70 hapana aliyejua hasa inafanyaje kazi. Mwaka wa 1971 John Vane, mtaalamu Mwingereza, alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili usitengeneze vitu viitwavyo prostaglandini, ambavyo ndivyo vinavyochochea uvimbe na maumivu. Kwa kazi hiyo yeye na wenzake wawili wa Sweden walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1982. Tangu hapo wataalamu walipata kitu cha kupima. Waliweza kuchukua mmea wo wote, wakauliza: Je, huu nao unazuia kazi ile ile?

RANGI NDIYO INAYOTAFUTWA

Katika matunda madogo mekundu na meusi, yaani stroberi, raspberi, forosadi, zambarau na jamii zake, kinachotafutwa zaidi ni rangi. Rangi ile huitwa antosiyanini. Mmea huitengeneza ili kuwaita ndege waje kula tunda na kupeleka mbegu mbali, tena huukinga mmea na jua kali. Nathi zetu za manjano, zile zinazofungwa katika karatasi yake mwenyewe, hazipati rangi yake kutokana na antosiyanini, kwa hiyo maneno yanayosemwa juu ya matunda mekundu yasihamishiwe kwake bila kufikiri.

Unaweza kuiona rangi hii ikifanya kazi jikoni mwako. Ponda forosadi nyeusi chache katika maji, chuja, ugawe maji yake katika bilauri mbili. Katika moja kamua ndimu: maji yatang'aa kwa wekundu. Katika nyingine tia magadi kidogo: yatageuka kuwa ya samawati au kijani. Watoto wa shule hupenda sana jambo hili. Lakini limekuonyesha tu kwamba rangi iko. Halikuonyesha kwamba ni dawa.

Mtaalamu naye huanza hivyo hivyo, ila kwa uangalifu zaidi. Huchukua matunda yaliyogandishwa kwa barafu, akayaponda, akayaloweka katika spiriti iliyotiwa asidi kidogo ili rangi isiharibike. Kisha huchuja, huivukiza spiriti kwa moto mdogo sana, na kuyapitisha maji yaliyobaki katika mrija uliojaa chembechembe zinazoshika rangi na kuiachia sukari ipite. Mwisho hubaki unga wenye rangi nzito. Usidhani ni mwingi. Gramu 100 za stroberi mbichi kwa kawaida huwa na miligramu 20 mpaka 60 za antosiyanini. Tukishika 40 kuwa katikati, kilo nzima ya stroberi itatoa miligramu 400, yaani haifiki nusu gramu. Matunda meusi hutoa zaidi.

JARIBIO LA KWANZA: NDANI YA CHUPA

Jaribio la kwanza halihitaji mtu wala mnyama aliye hai. Mtaalamu hukitafuta kile kimeng'enya cha mwili kinachotengeneza prostaglandini. Wafugaji watafurahi kusikia kwamba mara nyingi kimeng'enya hiki hutolewa katika tezi za uzazi za kondoo dume. Hukitia katika chupa ndogo, akakilisha mafuta kinayoyatumia katika kazi yake, kisha akapima kinafanya kazi kwa kasi gani. Halafu hurudia kazi ile ile akiwa ametia unga wa matunda. Kasi ikipungua, unga umezuia.

Katika Chuo Kikuu cha jimbo la Michigan, Marekani, wataalamu walifanya kazi hii juu ya cheri na beri za namna nyingi. Mwaka wa 2001 walitangaza kwamba antosiyanini za raspberi na za cheri tamu zilikizuia kimeng'enya kwa kiasi cha asilimia 45 na 47, na kwamba nguvu hiyo inalingana na ya ibuprofeni na naprokseni, vidonge ambavyo wengi wetu tumevimeza. Habari hii ilikwenda mbio. Ukisikia mtu akisema kwamba "beri ni sawa na vidonge vya maumivu," huenda mzizi wa neno lake uko hapo.

Sasa tutazame hesabu, kwa maana hapa ndipo mkulima anapoweza kujitetea mwenyewe. Antosiyanini zilitiwa kwa kiasi cha miligramu 125 katika kila lita. Zile dawa mbili zilitiwa kwa kipimo ambacho kwa ibuprofeni ni kama miligramu 2 tu katika lita. Maana yake, rangi ya tunda ilihitajiwa kwa uzito wa mara 60 hivi ili kufanya kazi sawasawa na ya kidonge. Wataalamu hawakuificha hesabu hiyo, waliiandika wazi. Walioificha ni wale waliolinakili neno "sawa" na kuiacha tarakimu nyuma.

Tuendelee kidogo. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Ili kila lita ipate miligramu 125, yahitajiwa miligramu 625 ziwe ndani ya damu kwa wakati mmoja. Hizo ni za stroberi kilo moja na nusu, kama kila chembe ya rangi ingepita tumboni na kuingia katika damu bila kupotea. Lakini haipiti. Mwaka wa 2013 wataalamu wa Uingereza waliwapa wanaume 8 miligramu 500 za antosiyanini moja iliyotiwa alama maalum ili iweze kufuatwa mwilini. Walichunguza damu, mkojo, kinyesi na hata pumzi. Walikadiria kwamba kiasi cha asilimia 12 tu ndicho kilichoingia mwilini, na hata hicho kwa sehemu kubwa kilikuwa kimevunjwa vipande vipande. Huenda vipande hivyo navyo vina kazi yake, na siku hizi ndivyo vinavyochunguzwa zaidi. Lakini si kitu kile kile kilichotiwa katika chupa.

CHEMBE HAI, KISHA PANYA

Baada ya chupa huja chembe hai. Chembe nyeupe za panya hulelewa katika visahani, kisha hutiwa sumu itokayo katika ganda la bakteria. Chembe hukasirika na kutoa ishara za vita. Mtaalamu hupima ishara hizo, akatazama kama unga wa matunda unazipunguza.

Hapa pana mtego. Unga ukiwa mwingi mno huziua chembe, na chembe iliyokufa haitoi ishara yo yote. Asiyeangalia atashangilia kwamba uvimbe umepungua. Ni kama mtu anayesifu ng'ombe wake kwa kuwa haruki teke wakati wa kukamuliwa, kumbe ng'ombe amekwisha kufa. Kwa hiyo mtaalamu mwema huhesabu kwanza chembe ngapi zingali hai. Tena huweka visahani vingine vilivyotiwa spiriti peke yake bila matunda, maana spiriti nayo yaweza kufanya kazi ambayo tunda litasifiwa kwayo.

Jaribio la panya ndilo la zamani na ndilo linalotumiwa sana. Lilielezwa mwaka wa 1962 na wataalamu watatu wa Marekani, Winter, Risley na Nuss. Panya hupigwa sindano ndogo ya karagini katika unyayo wa nyuma, na kwa muda wa saa chache unyayo huvimba. Kabla ya sindano, panya wengine wamenyweshwa dawa inayopimwa, wengine wamenyweshwa maji matupu, na wengine wamepewa dawa ambayo nguvu yake inajulikana. Baada ya saa tatu hivi, mguu wa kila mmoja hutumbukizwa katika chombo cha maji ili kuona maji yamepanda kiasi gani. Mguu uliovimba zaidi huyapandisha zaidi.

Karagini ni utomvu wa mwani wa baharini. Ndugu zetu wa Kwale, hasa akina mama, hulima mwani kando ya bahari, na wale wa Unguja na Pemba walianza kuulima kwa biashara mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwani wao huuzwa nje ili utolewe karagini ya kugandisha vyakula na dawa ya meno. Kuila katika chakula ni jambo moja, na kuipiga kwa sindano chini ya ngozi ni jambo jingine kabisa. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema kwamba mwani wa Kwale unaleta uvimbe.

Katika panya matunda mekundu yamefanya vema mara nyingi. Unga wake, ukitolewa kwa wingi, hupunguza uvimbe wa unyayo. Lakini panya hupewa unga huo kwa kipimo kikubwa ukilinganisha na uzito wake, tena uvimbe wake ni wa saa chache. Goti la mzee limevimba kwa miaka kumi.

MSTARI USIOTIWA MBOLEA

Mkulima ye yote aliyewahi kushirikiana na Bwana Shamba katika ploti ya majaribio anajua kwa nini huachwa mstari mmoja bila mbolea. Ukitia mbolea shamba zima, na mwaka huo mvua ikawa njema, huwezi kujua kama ni mbolea au ni mvua iliyoleta mahindi. Mstari ule mkavu, unaochekwa na wapita njia, ndio unaosema kweli.

Kwa wanadamu ni vivyo hivyo, tena ni vigumu zaidi, kwa kuwa mahindi hayana matumaini, na mtu anayo. Mtu akipewa kikombe na kuambiwa ni dawa, mara nyingi maumivu yake hupungua hata kama kikombe kilikuwa cha maji ya rangi. Hasemi uongo, kweli maumivu yamepungua. Tena maumivu ya viungo hupanda na kushuka yenyewe, na watu huenda kutafuta dawa siku yanapokuwa yamepanda. Yakishuka, sifa huenda kwa kile walichokunywa mwisho.

Mwaka wa 2006, huko California, watu 18 wenye afya walikula gramu 280 za cheri tamu kila siku kwa siku 28. Kipimo kimoja cha uvimbe katika damu yao, ambacho madaktari hukiita CRP, kilipungua kwa asilimia 25. Ni habari njema, lakini mstari usiotiwa mbolea haukuwapo. Wote 18 walikula cheri.

Mwaka wa 2013 zilitangazwa habari za jaribio la Philadelphia lililokuwa na mstari huo. Wagonjwa 58 wenye magoti yaliyochakaa walinyweshwa maji ya cheri chungu kwa majuma sita, na kwa majuma sita mengine walinyweshwa kinywaji kilichofanana nayo lakini hakikuwa na cheri. Wala mgonjwa wala mpimaji hakuambiwa ni kipi ni kipi. Walipokunywa cheri maumivu yalipungua kidogo. Lakini yalipolinganishwa na maumivu ya wakati wa kinywaji cha bandia, tofauti haikuwa kubwa ya kutosha kusema kwamba cheri ndiyo iliyofanya kazi. CRP katika damu ilipungua, lakini mgonjwa haji hospitali kwa ajili ya CRP. Huja kwa ajili ya goti.

Stroberi zenyewe zilijaribiwa Oklahoma, na habari zake zikatoka mwaka wa 2017. Watu wanene 17 wenye magoti mabovu walipewa gramu 50 za stroberi zilizokaushwa kila siku kwa majuma 12, na kwa majuma 12 mengine walipewa unga wa bandia. Hapa maumivu yalipungua zaidi wakati wa stroberi. Kwa sisi tunaolima stroberi hili ndilo jaribio la kushika, ila tulishike pamoja na uzito wake. Gramu 50 zilizokaushwa zatoka katika stroberi mbichi kama nusu kilo. Nusu kilo kila siku kwa miezi karibu mitatu ni kilo 42 kwa mtu mmoja. Na watu 17 ni wachache. Ukiwa na ng'ombe 17 hungetangaza aina mpya ya lishe kwa wilaya nzima.

Juu ya jongo habari zina pande mbili. Mwaka wa 2012 wataalamu wa Boston waliwafuata wagonjwa 633 kwa mwaka mmoja. Waliona kwamba katika siku ambazo wagonjwa walikuwa wamekula cheri, hatari ya kushikwa na jongo ilikuwa chini kwa asilimia 35. Lakini hakuna aliyewapangia nani ale na nani asile. Kila mtu alikula kama alivyopenda. Mwaka wa 2020 wataalamu wa New Zealand wakawapangia wagonjwa 50, wakawapa maji mazito ya cheri kwa vipimo mbalimbali kwa siku 28, na asidi ya yuriki katika damu haikupungua.

Tuseme pia neno moja juu ya fedha. Majaribio mengi ya namna hii hulipiwa na vyama vya wakulima wa matunda yenyewe. Si kosa. Wakulima wana haki ya kutaka kujua mali yao ina faida gani, na laiti sisi tungekuwa na vyama vyenye uwezo huo. Lakini msomaji mwenye akili huuliza nani alilipa, kama vile anavyouliza mizani ni ya nani kabla ya kuuza gunia.

WALIOTANGULIA KUJIKWAA

Wakulima wa cheri wa Marekani walifurahia mno habari za maabara. Wengine wakaanza kuandika katika chupa na matangazo yao kwamba cheri hutibu jongo na baridi yabisi, na hata huzuia kansa. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2005 idara ya serikali yao inayosimamia vyakula na dawa iliyapelekea makampuni 29 barua za onyo. Sababu yake ni nyepesi. Ukiuza tunda, unauza chakula. Ukiandika kwamba linatibu ugonjwa fulani, unauza dawa, na dawa hutakiwa ithibitishwe kabla ya kuuzwa. Hapa Kenya pia sheria haimruhusu mtu kuuza chakula kwa kumdanganya mnunuzi juu ya kazi yake.

Tuna mfano mwingine karibu na nyumbani. Mueri, mti mkubwa wa misitu yetu ya milimani, ni wa jamii moja na cheri na plamu. Katika Ulaya ilionekana kwamba maji ya gome lake huwafaa wanaume wazee wenye uvimbe wa tezi dume, na kuanzia miaka ya 1970 magome yalisafirishwa kwa wingi kutoka Afrika, Kenya ikiwamo. Miti ilichunwa pande zote, na mti uliochunwa pande zote hufa. Mwaka wa 1995 biashara yake ilitiwa chini ya mapatano ya mataifa ya kulinda mimea iliyo hatarini. Mwenye mueri katika mpaka wa shamba lake na autunze, na asikubali mtu aje na panga na maneno matamu.

MZEE NA VIDONGE VYAKE

Stroberi ni chakula kizuri. Zina vitamini C nyingi, na mzee mwenye meno machache anaweza kuzila bila taabu. Apewe, ikiwa zipo. Lakini asiache vidonge alivyopewa hospitali kabla ya kuonana na daktari, hasa vidonge vya jongo na vya baridi yabisi, kwa sababu magonjwa hayo huendelea kula kiungo hata siku ambazo mgonjwa hasikii maumivu. Vidonge vikimuumiza tumbo, aseme. Ziko namna nyingine. Mwenye kisukari ajihadhari na maji ya matunda yaliyotiwa sukari. Na kiungo kimoja kikivimba ghafula, kikawa na joto, na mgonjwa akawa na homa, hiyo ni safari ya hospitali siku ile ile, maana huenda usaha umeingia ndani ya kiungo.

KAMA UNATAKA KUPANDA

Hatusemi usipande stroberi. Twasema uhesabu faida yake kama tunda. Ikiwa bei ya tunda la kula, ukitoa gharama ya miche, maji, matandazo na vibarua wa kuchuma, inashinda bei ya viazi katika kipande hicho hicho, panda. Anza na vitalu vichache uone soko. Mtu akikujia na bei ya dawa, mwombe mapatano ya maandishi yenye bei, kiasi na siku ya kulipa, na uyaonyeshe kwa Bwana Shamba au chama chako kabla ya kutia sahihi. Mnunuzi wa kiwanda aliye wa kweli atauliza pia daftari yako ya dawa za kunyunyiza, na kama ulingoja siku zilizoandikwa katika chupa ya dawa kabla ya kuchuma. Asiyeuliza lo lote juu ya dawa za kunyunyiza, huku akisema anatengeneza tiba, mwogope.

Rangi ambayo mnunuzi anaitaka huja siku za mwisho za kuiva. Tena stroberi haiivi baada ya kuchumwa. Iliyochumwa ikiwa na mabega meupe yaweza kuongeza wekundu kidogo, lakini utamu hautaongezeka. Ichume ikiwa nyekundu pande zote, asubuhi umande ukiisha kukauka, pamoja na kikonyo chake, uiweke katika chombo kifupi ili za juu zisizikandamize za chini. Usizioshe kabla ya safari, na usiziache juani hata kwa nusu saa.

Zilizopondeka zifanyie jamu au maji ya matunda siku hiyo hiyo. Moto mwingi na kukaa muda mrefu rafuni huiharibu rangi, ndiyo sababu jamu ya zamani hugeuka kuwa ya udongo. Ndimu kidogo husaidia kuishika, na mahali penye baridi na giza husaidia zaidi. Katika karatasi ya chupa andika: maji ya stroberi, kiasi chake, kilichotiwa ndani, siku yaliyotengenezwa, na jina la shamba.